Mji wa Maboksi

Jumamosi iliyopita tulimhamisha baba. Ameishi Takoma Park, hapa Marekani, miaka thelathini na kitu, ghorofa ya tatu, jengo lile lile la matofali mekundu karibu na stesheni ya treni, na sasa magoti yamekataa ngazi. Amekuja kukaa nasi Springfield, ambako tumemtengea chumba chenye dirisha pana na barabara kuu inayonguruma nyuma ya ua. Hakufurahia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba sufuria zake ni zake, na hataki kuziona zimechanganywa na za mume wangu.

Nilikuwa nimelala kifudifudi nikivuta masanduku chini ya kitanda chake, mkono wangu ukashika kitu chepesi. Nilidhani ni bomba la karatasi ya kufungia zawadi. Nilipolitoa kwenye mwanga nikaona limepakwa rangi nyeupe iliyogeuka njano, limebandikwa maganda ya mayai yaliyopondwa, na karibu na ncha yake kuna vifuniko viwili vya soda vya bluu. Nilikaa sakafuni. Wewe ungeliona ungelitupa, na usingekosea. Mimi nililijua papo hapo, na aibu niliyodhani nimeiacha shuleni miaka ishirini na mitano iliyopita ikanirudia nzima.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita. Baba alikuwa anapakia na kupakua mizigo katika ghala moja kule Landover, mama alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Nyumba yetu ilikuwa na mabomba ya joto yaliyogonga ukutani majira yote ya baridi, na harufu ya vitunguu ambayo mama alijitahidi kuitoa kwenye makoti yetu akashindwa. Maharage alipika kwa tui la kopo, na kila alipofungua kopo alilisema vibaya. Wao walinisemesha Kiswahili, mimi nikawajibu Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu kwa sababu watoto wote wa kwetu walikuwa hivyo. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikitafuta ukubwani, kwa bidii na kwa kuchekwa.

Wiki moja mwalimu wa historia alitupa kazi: kila mwanafunzi ajenge mfano wa mji wa mahujaji wa zama za kati. Kitabu chetu kilikuwa na picha ya mji mmoja wa Ulaya. Palikuwa na kanisa kubwa juu ya kilima, ukuta, lango, kisima, na watu wenye fimbo wakipanda kwa miguu kwenda kuzuru kaburi la mtakatifu. Nilishajua nitakachofanya. Kanisa moja, minara miwili, karatasi ya kijivu, jioni moja imekwisha. Kosa langu lilikuwa kumpa baba ile karatasi ya mwalimu atie saini.

Aliisoma amesimama, bado amevaa fulana ya kazini. Akaisoma tena ameketi.

"Mji wa zamani," alisema. "Una ukuta, una kisima, una kaburi, watu wanatoka mbali wanakuja kuzuru. Mwanangu, hapa si kwetu?"

Kwetu alikokusema ni pwani ya Tanga, kijiji kidogo kando ya magofu ya mji wa mawe wa karne nyingi zilizopita. Baba hakuwahi kuuita jina la kwenye ramani. Aliuita Magofuni. Mama yake, yaani bibi yangu, ndiye aliyekuwa akifagia magofu hayo na kushika ufunguo wa lango, na baba tangu utotoni alikuwa akiwatembeza wageni. Maneno yake ya kutembezea wageni hayakumtoka kamwe. Hata tukiingia duka kubwa la vyakula angetutangulia na kusema, "Tuanzie hapa langoni, tafadhali, na tuangalie miguu yetu."

Kwa hiyo nilikulia Takoma Park huku nikiujua mji ule kuliko nilivyoujua mtaa wa pili. Nilijua kwamba nyumba zake zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta za ndani zina zidaka, vile vijishimo vya kuwekea taa na vyombo. Nilijua msikiti wake hauna paa, lakini kibla chake bado kina nakshi ya kamba iliyosokotwa. Nilijua kisima chake kina maji matamu ingawa bahari iko hatua chache tu. Na nilijua makaburi yake yana nguzo ndefu, ambazo wenyewe wa zamani walizipachika mabakuli ya Kichina, mengine yakaibwa yakaacha mashimo ya mviringo. Nguzo ndefu kupita zote ilikuwa ya kaburi la mwanamke walii, ambaye watu walimwita Mwana tu.

Kwa Mwana ndiko watu walikokwenda kuzuru. Kila mwaka Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakavua viatu langoni, wakanywa maji ya kisima, wakafukiza udi, wakanyunyiza marashi. Halafu palikuwa na kusomwa. Hili sijalisikia mahali pengine popote, na baba anasema halikuwa mahali pengine. Mzee mmoja alisimama kwenye nguzo akasoma majina ya watu wa mji ambao hawakuweza kufika: waliosafiri, walio kazini, walio kitandani. Kila jina likisomwa, watu wote waliitikia, "Amefika." Basi. Aliyesomwa alihesabiwa kuwa amezuru mwaka ule. Sharti lilikuwa moja tu, jina liletwe na mtu wa damu yake, kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka yote tangu baba aje Marekani bibi ndiye aliyekuwa anampeleka kusomwa, na kila mwaka alimpigia kumwambia kwamba amefika.

Mwaka ule bibi alikuwa kitandani na hainuki. Baba alikuwa mwanawe pekee aliyebaki, na kesi yake ya makaratasi ilikuwa haijaisha. Akitoka nchini harudi. Nyumba ya bibi iko hatua mia mbili kutoka langoni, lakini kwake zikawa sawa na zile za kutoka Landover. Mfungo Sita ukaingia, ukapita siku yake kubwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelipeleka jina la baba, wala la bibi mwenyewe. Bibi alilia kwenye simu. Baba alikata simu akakaa kwenye kiti cha jikoni, mama akamwekea chai, ikapoa. Siku mbili baadaye ndipo nilipoleta ile karatasi ya shule.

Sasa unaelewa kwa nini sikupata kujenga kanisa langu.

Baba alileta maboksi kutoka ghalani, makubwa kwa madogo, na yale mabomba magumu ya karatasi yanayobaki katikati ya karatasi za plastiki za kufungia mizigo. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Mama alitakiwa kutunza maganda ya mayai, kwa hiyo tulikula mayai wiki nzima hadi akasema mji ukichelewa tutaanza kutaga. Maganda yaliyopondwa yakawa matumbawe. Vifuniko vya soda vikawa mabakuli ya Kichina. Kopo la nyanya likafukiwa likawa kisima, na baba akatia maji ya kweli. Kila jioni alinawa, akala, akapiga magoti kwenye zulia na kisu chake cha kazini, akachonga zidaka moja moja. Nilimwambia hakuna mwalimu atakayezihesabu. Akasema bibi yangu angezihesabu.

Nakiri kwamba siku za mwanzo nilifurahia. Mikono ilinata, nyumba ilichafuka na hakuna aliyegombezwa. Kadiri mji ulivyosimama ndivyo moyo wangu ulivyoingia mashaka. Niliona unavyofanana na kitu kilichobomoka. Wenzangu wangeleta minara na bendera, mimi ningeleta kuta zisizo na paa.

Jumamosi mchana baba akaona lazima mji ufukizwe kabla haujatoka. Akawasha kaa, akatia udi kwenye chetezo, akakitembeza kuanzia langoni. Kilichofuata anakijua kila mtu wa kwetu aliyewahi kukaa ghorofani Marekani. King'ora cha moshi kililia jengo zima. Mama alipanda kiti akipepea na mfuniko wa boksi, baba akifungua madirisha huku hataki kukiweka chetezo chini, na mlango ukagongwa kwa nguvu.

Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, nesi Mkenya wa bara, mama wa kanisa, mrefu, bado na sare ya hospitali na soksi peke yake miguuni.

"Nime-finish night shift nikalala kidogo tu," alisema, "nikasikia hiyo alarm nikajua mmeungua. Sasa hii ni nini mmejenga?"

Nilitegemea baba atasema ni kazi ya shule. Badala yake alijiweka sawa akasema tuanzie hapa langoni, tafadhali, na tuangalie miguu yetu. Akamtembeza. Nesi alipiga magoti na sare yake, akachungulia msikiti, akagusa maji ya kisima kwa ncha ya kidole, akauliza maswali ya maana kuliko niliyowahi kuuliza mimi. Baba alipomfikisha kwa Mwana na kumweleza juu ya kusomwa, nesi alikaa kabisa sakafuni. Akasema mamake yuko Kakamega, hajamwona miaka sita. Halafu akauliza kwa nini baba asiyasome majina hapo hapo sebuleni, kila kitu si kipo.

"Hapana, dada," baba alisema. "Ziara ni safari. Mtu hazuru sebuleni kwake. Lakini Jumatatu mji unakwenda shule. Watoto waliotoka kila pembe ya dunia watasimama mbele yake. Hiyo ni ziara. Na huyu ni damu yetu, yeye ndiye atakayesoma."

Huyu alikuwa mimi. Baba alinipanga pale pale. Nitaonyesha lango, nitaonyesha msikiti, nitaonyesha kisima, na nikifika kwenye nguzo nitataja jina la bibi, kisha lake. Hakuhitaji kingine. Tulifanya mazoezi mara tatu, nesi akawa ndiye anayeitikia, na mara ya kwanza aliwahi akasema "Amefika" kabla sijamaliza jina, tukacheka sote. Baba aliniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimeelewa.

Jumatatu asubuhi, tukishuka ngazi na mji umelala juu ya ubao wa mbao, bega la baba liligonga ukuta na nguzo ya Mwana ikachomoka. Gari la rafiki yake wa ghalani lilikuwa linangoja na yeye alikuwa amechelewa kazini. Aliitia nguzo mfukoni mwa koti akasema ataibandika baadaye, kaburi ni lile lile. Akaniweka mlangoni mwa darasa, akaniangalia kidogo, akaondoka.

Mji wangu ulikuwa mkubwa kupita yote mle ndani, na ndio pekee usio na kanisa. Kabla sijafungua mdomo mwenzangu mmoja aliuliza kama ile ni sehemu ya kuegeshea magari. Walicheka. Si kwa ubaya, nadhani, lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikasema kwa haraka kwamba ni ngome ya zamani, huko jangwani, watu walipigana ikavunjika. Sikuonyesha lango, wala msikiti, wala kisima. Mwalimu, ambaye alikuwa mama mpole na alitaka kunisaidia, akakitazama kisima akaniuliza kama watu waliwahi kuja pale kuzuru, kama wale wa kwenye kitabu.

Nikasema hapana. Hakuna mtu anayekuja.

Nikakaa kitini. Yote hayakufika dakika mbili.

Nyumbani baba alikuwa ameniwahi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Aliniuliza tu kama nimewasoma. Nikasema ndiyo. Na kwa sababu mwongo mchanga hajui pa kusimama, nikaongeza kwamba darasa zima liliitikia. Alinishika kichwa, akaenda kunawa.

Kesho yake asubuhi, ambapo kule ni alasiri, alikwangua kadi ya simu. Mwenye duka la kijijini, mtu pekee aliyekuwa na simu ya mkononi, aliipeleka hadi kitandani kwa bibi.

"Shikamoo mama," baba alisema. "Tumesomwa. Mimi na wewe. Darasa zima limeitikia."

Halafu akanipa simu. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba na ilichelewa kufika. Akaniuliza, "Umenisoma, mjukuu wangu?" Siku zote bibi nilimjibu maneno yangu mawili matatu ya Kiingereza na baba akatafsiri. Siku ile nilimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili kisicho na kasoro: "Ndiyo, bibi, nimekusoma." Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili, akaniombea maisha marefu, mimi nimeshika simu na begi la shule mgongoni.

Alifariki wiki tatu baadaye. Walimzika karibu na lango alilokuwa akilifagia, baba akamlilia jikoni Takoma Park, na nesi akaleta chapati na birika la chai ya maziwa akakaa nasi siku mbili. Mji wa maboksi ulikuwa bado shuleni. Mwalimu aliniuliza kama nataka kuurudisha nyumbani, nikamwambia autupe. Baba hakuuliza ulikokwenda, na mimi nikaona hiyo ni bahati.

Makaratasi yake yalipotoka, miaka mingi baadaye, alikwenda Magofuni wiki mbili. Akakuta ua wa waya, kibanda cha tiketi, kibao chenye maelezo ambayo anasema nusu si kweli, na wavu wa chuma juu ya kisima. Yule mzee msomaji alishakufa. Ziara bado ipo, watu bado wanakuja na udi wao, lakini vijana wamefundishwa kwamba kusoma majina ya watu walio hai ni jambo lisilo na asili, wameliacha. Alikaa kwenye kaburi la mama yake, akang'oa majani, akarudi Takoma Park na kutueleza zaidi bei ya samaki.

Sasa turudi Jumamosi iliyopita. Nilitoka chumbani na nguzo mkononi. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja kilichobaki sebuleni, mama alishafariki miaka minne iliyopita, na nesi, ambaye sasa amestaafu na bado anakaa mlango wa pili, alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kulisema jambo lile kwa utaratibu. Likatoka bila utaratibu.

"Baba, siku ile sikuwasoma."

Alichukua nguzo akaipuliza vumbi.

"Najua," alisema. "Uliniambia darasa zima liliitikia. Nani aliwafundisha kuitikia?"

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia bibi. Akasema bibi alikuwa mgonjwa na alitaka kusikia, na ule uongo tangu siku ile tumeubeba wawili. Akasema alikuwa ananingoja niseme, lakini kila mwaka aliona niko bize. Hakulisema kwa kunisuta. Nililia mbele ya nesi, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili, naye akaendelea kufunga vikombe ili nisione haya.

Baba akainuka. Magoti yalilia. Aliisimamisha nguzo katikati ya sakafu tupu, ikayumba, akaiegemeza kwenye boksi la sufuria zake.

"Hapa si kwangu tena," alisema. "Nimeshahama. Soma."

Nilivua viatu. Nikalitaja jina la bibi, kamili, na la baba yake, kama nilivyofundishwa kwenye zulia lililokuwa pale pale. Baba akaitikia, "Amefika." Kisha nikalitaja jina lake yeye. Anayesomwa haitikii, wala anayesoma. Nikaona hapa tena tutakwama.

"Amefika," nesi alisema kutoka kwenye vikombe vyake, safari hii kwa wakati wake. Halafu akataja jina la mamake wa Kakamega, marehemu siku nyingi, nasi tukamwitikia.

Kwa hiyo desturi ile ya Magofuni leo, nijuavyo mimi, inafuatwa na watu watatu, na mmoja ni Mkenya wa bara anayekwenda kanisani kila Jumapili. Nguzo iko Springfield, kwenye dirisha la baba. Jana jioni binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza, babu amepata wapi ile takataka. Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe, na akifika mlangoni avue viatu.